Chumba namba 10 hakikuungua: kisa cha kikosi cha zimamoto cha majirani

Ugomvi unaochambuliwa hapa haukuhusu vyumba vinane vilivyoteketea. Ulihusu viwili vilivyobomolewa vikiwa vizima. Asubuhi baada ya moto, landlodi wa vyumba hivyo, mama wa makamo anayeishi mtaa wa pili, alisimama mbele ya rundo la mabati yake akawauliza waliokuwepo: "Nyinyi vijana, nani aliwatuma mvunje nyumba yangu na moto haukuwa umeifikia?" Hawakuwa na la kumjibu. Kikosi kilikuwa na miaka mitatu, ndoo 60 na filimbi nane, lakini swali hilo halikuwahi kuwekwa mezani.

Kisa ni cha mfano. Kijiji hakina jina, na vyumba vimepewa namba ili maelezo yafuatike. Mpangilio wake ni ule wa ploti za mabati za Mukuru na kwingineko kandokando ya viwanda vya Nairobi: safu ya vyumba 16 vya futi 10 kwa 10, kila viwili vikigawana ukuta mmoja wa bati uliopigiliwa kwenye mbao za 2 kwa 2. Mbele kuna kichochoro cha mita moja. Nyuma kuna mtaro wa futi mbili, halafu safu nyingine. Chumba namba 1 kinapakana na barabara ya vumbi. Namba 16 kimeshikana na ploti jirani, nayo imeshikana na nyingine, hadi mtoni.

Bati lenyewe haliungui, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Linachofanya ni kupitisha joto. Upande wa pili wa bati jekundu kuna karatasi za kubandika ukutani, pazia la kugawa chumba, godoro la sponji na nguo zilizotundikwa kwenye msumari. Vyote hivyo hushika moto kabla mwali wenyewe haujapita. Juu, kati ya ukuta na paa, mara nyingi kuna uwazi wa kiganja kimoja unaopitisha moshi moto kutoka chumba hadi chumba. Kwa hesabu ya kazi, kikosi kinapaswa kudhani moto utahamia chumba cha pili kwa dakika mbili hadi tatu, na upesi zaidi upepo ukiusukuma.

Miaka mitatu kabla ya moto

Kikosi kilizaliwa jinsi vikosi vingi huzaliwa, wiki moja baada ya moto mwingine. Watu 41 walijiandikisha. Walichanga wakanunua ndoo za lita 10, mitaimbo minne, nyundo mbili za kucha, kamba ya mita 20, mitungi miwili ya unga ya kuzimia moto ya kilo 9, na tangi la lita 5,000 lililowekwa juu ya jukwaa la mbao karibu na kibanda cha maji.

Mwaka wa pili walibaki 19. Sababu hazikuwa za ajabu. Vijana wenye nguvu hufanya vibarua viwandani, kwa hiyo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni kijiji hubaki na watoto, wazee na akina mama wenye biashara, ambao hakuna aliyewaandikisha. Wapangaji nao huhama. Mtaimbo mmoja uliazimwa na fundi wa ujenzi, ukahamia mtaa mwingine pamoja naye. Mtungi mmoja wa unga ulifyatuliwa na watoto, ukarudishwa ukutani bila neno, na ulipokaguliwa mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Ikumbukwe kwamba mtungi wa kilo 9 hutoa unga kwa sekunde 15 hadi 20 tu. Mtu asiyejua hilo humaliza nusu akiupiga hewani, huku chanzo cha moto kikiwa sakafuni.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa tangi. Lilikuwa na koki ya nusu inchi, ile ya kuuzia maji, ambayo kwa tangi la urefu wa kawaida hujaza ndoo ya lita 10 kwa sekunde 20 hadi 30. Maana yake, lita 5,000 zipo lakini hazitoki. Zoezi moja la Jumapili lilitosha kulionyesha: watu 25 wamepanga mstari, mikono mitupu, wakingoja ndoo ijae. Walitoboa tangi upya na kuweka bomba la inchi 2 lenye vali ya kufunguka kwa robo mzunguko, ambalo hujaza ndoo hiyohiyo kwa sekunde mbili. Kufuli iliyozuia watu kuiba maji ilikuwa na ufunguo mmoja, na aliyeushika alikuwa mlinzi wa usiku mjini. Zikatengenezwa nakala tatu, moja ikakaa kwa mama muuza mboga pale barabarani, kwa kuwa yeye haondoki mpaka saa tatu usiku.

Huyo mama ndiye aliyegeuka kuwa kiongozi wa zamu. Hakuchaguliwa kwa kura. Alikuwa na ufunguo, basi.

Usiku wenyewe

Saa 1:40 usiku, mpangaji wa chumba namba 5 alijaza mafuta taa kwenye stovu iliyokuwa bado inawaka. Mafuta yalimwagikia tambi za moto, yakatambaa mezani hadi kwenye godoro. Jirani mwenye nia njema akamwaga beseni la maji. Mafuta taa huelea juu ya maji, kwa hiyo beseni lile liliyasambaza sakafu nzima yakiwa yanawaka. Gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, likifunikwa juu ya stovu dakika ile ya kwanza, au ndoo mbili za mchanga, ingekuwa habari ya kusimuliana tu.

Filimbi ya kwanza ililia saa 1:42. Utaratibu wa kikosi ulikuwa mlio mmoja mrefu kwa moto na mitatu mifupi kwa kuita mitaimbo. Ilipigwa yote miwili kwa pamoja na watu tofauti, kukawa na mkanganyiko wa karibu dakika moja. Hata hivyo mambo matatu yalifanyika ipasavyo, kwa sababu kila moja lilikuwa na mwenyewe.

La kwanza ni stima. Mtu mmoja alipiga 97771 ya Kenya Power, kampuni ya umeme, na mwingine akamkimbilia kijana anayesimamia laini ya sambaza, yaani umeme ulioungwa kienyeji, kwa kuwa ndiye anayejua imeungwa wapi. Waya wa sambaza ukiyeyuka na kuangukia paa, safu nzima ya mabati inaweza kuwa na volti 240, na anayemwaga maji akiwa amesimama kwenye matope huwa amejiunga mwenyewe. Kukata waya kwa panga ni marufuku hata kama mpini ni wa mbao. Hakuna aliyemwaga ndoo mpaka taa za safu zilipozimika, saa 1:46. Dakika nne za kusubiri huku nyumba inaungua ni ndefu mno, na kelele za matusi zilisikika.

La pili ni njia. Wawili walitumwa barabarani kuingoja gari ya zimamoto iliyoitwa kwa 999, kuondoa mikokoteni na kumwonyesha dereva pa kusimama. Gari haliwezi kuingia kichochoro cha mita moja, hivyo msaada wake hutegemea mpira utakaovutwa kutoka barabarani. Kazi hii inaonekana ndogo. Lakini gari likifika na umati ukaanza kulirushia mawe kwa kuchelewa, au kwa kuishiwa maji, linageuza, na hasara ni ya kijiji.

La tatu ni vitu. Moto ukianza, kila mtu hutoa godoro, televisheni na kochi, na kichochoro cha mita moja hujaa kwa dakika mbili. Kanuni ya kikosi ilikuwa kutoa watu, mtungi wa gesi kama haujapata joto, na mfuko wa vyeti na vitambulisho. Mtungi wa kilo 6 ambao tayari umelambwa na moto hauguswi. Watu huondolewa upande wake. Kanuni ilifuatwa nusunusu. Kochi moja la watu watatu lilikwama mbele ya namba 7 na kuvunja mstari wa ndoo.

Kwa nini maji hayakuelekezwa kwenye moto

Hapa ndipo kikosi kilipofanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, na ambalo bado linabishaniwa. Chumba cha futi 10 kwa 10 kikiwaka chote, mlango ukiwa wazi, hutoa nguvu ya joto ya takriban megawati 3, yaani megajuli 3 kila sekunde. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke yote hunyonya karibu megajuli 2.6. Kwa karatasi, lita moja na kidogo kila sekunde ingetosha. Lakini maji ya ndoo yanayorushwa kutoka mlangoni mengi huishia sakafuni. Tukikadiria kwamba theluthi moja ndiyo inayofanya kazi, inahitajika lita tatu na nusu kila sekunde, yaani jerikani ya lita 20 kila sekunde sita, bila kukatika. Mstari mzuri wa watu 25, waliozoea kupokezana, hufikisha lita tatu hivi. Kwa chumba kimoja, tena mwanzoni, unaweza kushinda. Vyumba vitatu vikiwaka, mstari huo ni kama kumwagia bahari chumvi.

Saa 1:45 namba 5 kilikuwa kinawaka chote na ukuta wa namba 6 ulikuwa unatoa moshi. Mama wa zamu aliamua mambo mawili kwa pumzi moja: maji yote yaende kulowesha ukuta wa namba 11, na mitaimbo ianze namba 9 na 10.

Uamuzi huo una hesabu ndani yake. Watu sita wenye mtaimbo, nyundo na kamba hubomoa chumba kimoja kwa dakika saba hivi. Moto unahama kila dakika mbili au tatu. Ukianza kubomoa chumba kinachofuata moto, unakutana nao ukiwa bado juu ya paa. Lazima uruke vyumba vitatu, uanzie cha nne. Na chumba kimoja hakitoshi: pengo la futi 10 mwali uliolala kwa upepo hulivuka. Vyumba viwili hutoa pengo la futi 20, karibu mita 6, na hapo ukuta wa upande wa pili ukiwa umelowa una nafasi ya kupona. Kosa la kawaida ni kubomoa kilicho jirani, kwa sababu ndicho mkono unachokifikia na ndicho mwenyewe hatalalamika, maana kingeungua tu. Ubomoaji wa aina hiyo huleta mbao karibu na moto.

London ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Moto ulioanzia kwenye tanuri la mkate, Pudding Lane, tarehe 2 Septemba 1666, ungeweza kuzuiwa mapema kwa kubomoa nyumba, lakini meya wa jiji, Thomas Bloodworth, alisita kufanya hivyo bila ridhaa ya wenye nyumba. Alipokubali, moto ulikuwa unawapita wabomoaji. Mwishowe walitumia baruti kufungua mapengo mbali zaidi mbele ya moto. Swali lililomfunga mikono meya lilikuwa lilelile la asubuhi ile kijijini.

Ubomoaji wenyewe una mpangilio. Kwanza mpangaji atoke na mtungi wa gesi utoke. Pili, mabati ya paa yanang'olewa kutoka ndani kwa kusukuma juu na mtaimbo karibu na msumari, si katikati ya bati, ambako bati hujikunja tu na msumari kubaki. Tatu, kuta za mbele na nyuma. Mwisho kamba inafungwa kwenye nguzo za kona na kuvutwa kuelekea upande usio na moto. Mabati yanapangwa mbali kwa kulaza, si kwa kuegemeza. Na mbao zote, hata vipande, zitoke pengoni. Pengo lenye mbao ni kuni zilizopangwa. Watu 12 walimaliza saa 1:52, dakika moja baada ya namba 8 kushika.

Nyuma, kwenye mtaro wa futi mbili, wanne waliwekwa na magunia mabichi kupiga cheche juu ya paa za safu ya pili. Upepo haukuelekea huko usiku ule. Ungeelekea, makala haya yangekuwa tofauti.

Namba 4 hadi 1 viliachwa viungue hadi barabarani, kwa sababu barabara ni pengo lililokwisha kuwepo. Wapangaji wake hawakulisamehe hilo haraka. Gari la kaunti lilifika saa 2:15, likavuta mpira na kuzima mabaki. Vyumba vinane viliungua, viwili vilibomolewa, sita vikasalimika pamoja na ploti zote za kuelekea mtoni. Hakuna aliyekufa.

Nani analipa bati

Kesi ilisikilizwa na wazee wa kijiji, mbele ya chifu, mara tatu. Hoja ya mama mwenye vyumba haikuwa ya kipuuzi. Kwa macho yake moto uliishia namba 8. Vyumba vyake viliharibiwa na mikono ya watu. Hoja kwamba uliishia namba 8 kwa sababu vyake viliondolewa ni kweli, lakini haithibitishiki kwa kunyoosha kidole. Tena landlodi wa namba 11 hadi 16, aliyenufaika kuliko wote, alikaa kikao cha kwanza kimya kabisa.

Kisheria kikosi kilikuwa kimesimama pabaya. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka huduma za zimamoto mikononi mwa serikali za kaunti. Majirani wenye filimbi ni majirani. Fulana yenye maandishi haimpi mtu ruhusa ya kubomoa mali ya mwenzake. Kilichokosekana ni makubaliano yaliyosainiwa siku ambayo hakuna moshi.

Kwa hili kuna mfano mzuri kutoka Marekani. Benjamin Franklin na wenzake walipoanzisha Union Fire Company mjini Philadelphia tarehe 7 Desemba 1736, idadi ya wanachama iliwekewa kikomo cha 30, na kila mmoja aliwajibika kuweka nyumbani ndoo za ngozi na mifuko imara ya kubebea mali ya aliyepatwa na moto. Mifuko hiyo ilikuwa na maana yake: mali ikitupwa nje kiholela huibwa, jambo ambalo mkazi yeyote wa mtaa wa mabati analijua bila kuambiwa. Aliyekosa mkutano wa mwezi alitozwa faini, na faini zikanunua vifaa, zikiwemo ndoano za moto, zile za kuvuta na kubomoa nyumba. Lakini kikosi cha ndoo hakikutosha kujibu swali la hasara. Mwaka 1752 mji huohuo ulianzisha Philadelphia Contributionship, bima ya moto ya kuchangiana. Miaka 16 ilipita kati ya ndoo na mfuko.

Kijiji chetu kiliziba pengo hilo baada ya kikao cha tatu. Ploti zinazohusika zina vyumba 160. Kila chumba kikachangia shilingi 50 kwa mwezi, landlodi akikusanya pamoja na kodi. Shilingi 8,000 kwa mwezi, zilizowekwa kwenye akaunti yenye sahihi tatu. Makubaliano ya ukurasa mmoja yalisainiwa na malandlodi wote isipokuwa wawili. Yanasema: amri ya kubomoa hutolewa na watu wawili wa zamu kwa pamoja, si mmoja, chumba kilichobomolewa kwa amri hiyo hujengwa upya na mfuko ndani ya siku saba, mwenyewe hadai kodi ya siku hizo, na mpangaji aliyebomolewa hupewa kwanza nafasi ya kulala. Hakuna fidia kwa chumba kilichoungua. Hilo lilizua kelele, lakini mfuko mdogo ukiahidi kulipa kila kitu hauwezi kulipa chochote.

Mtu akitazama hesabu anaona kwamba kubomoa si ghali kama ilivyodhaniwa. Chumba cha futi 10 kwa 10 humeza mabati 20 hivi. Yaliyong'olewa vizuri hurudi karibu yote. Yanayopotea ni yaliyopasuka penye msumari, misumari yenyewe, mbao kadhaa na kibarua cha fundi cha siku mbili. Bati lililoungua ni kinyume chake: ngozi ya zinki huondoka na joto, linapauka, na baada ya mvua chache linakula kutu. Wauza vyuma chakavu hulinunua kwa kilo.

Hesabu hii yote inahusu moto wa nyumbani. Petroli iliyomwagika ni jambo jingine kabisa. Tarehe 12 Septemba 2011, Sinai, mtaa wa mabati jijini Nairobi, mafuta yaliyovuja yaliingia mtaroni, watu wakaenda kuchota, yakalipuka na kuua takriban watu 100. Mbele ya harufu ya petroli mtaroni kikosi hakina ndoo wala mtaimbo. Kina filimbi za kufukuzia watu, sauti za kuamuru majiko na sigara zizimwe upande upepo unakoelekea, na simu. Makubaliano yanalitaja hilo kwa sentensi moja, nayo imeandikwa kwa herufi kubwa.

Vyumba namba 9 na 10 vilisimama tena siku ya tisa tangu makubaliano yasainiwe, siku mbili nje ya ahadi, kwa sababu fundi alingoja mbao. Mabati yalirudi yaleyale, lakini hayakuweza kupigiliwa kwenye matundu ya zamani, na mvua ya kwanza ilipita moja kwa moja hadi kitandani kwa mpangaji wa namba 10. Mama landlodi alirudi kwa wazee, safari hii bila hasira, akiwa na bati moja begani kama ushahidi. Katika daftari la mfuko, chini ya misumari na mbao, uliongezwa mstari mpya: lami ya kuziba matundu, kopo moja kwa kila chumba.